Kuifuata Meli Dubai

Katika miaka tisa ya ndoa yetu mke wangu aliniomba kitu kimoja tu, na alikiomba amesimama mbele ya maikrowevu akisubiri wali upate moto. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, ya nne mfululizo, na macho alikuwa ameyafumba. Nilidhani anaongea usingizini. Alisema anataka siku saba za kulala kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, dirisha lionyeshe maji, na mlangoni asiwepo mtu wa kumwita sista.

Yeye ni muuguzi katika wodi ya wazee, hapa Doha. Wagonjwa humwita sista, jamaa za wagonjwa humwita sista, na hata muuza nyanya wa chini ya jengo letu pale Al Mansoura humwita sista huku akimwomba amtazame goti. Mwenzake wa kazini, Mganda, alikuwa amesafiri na meli ya kitalii mwaka uliotangulia, akarudi na picha moja aliyopenda kuionyesha. Haikuwa ya bwawa la kuogelea wala ya meza za chakula. Ilikuwa picha ya kitanda, na miguu yake mwenyewe ikionekana upande wa chini. Mke wangu aliomba atumiwe picha hiyo, na kwa mwezi mzima nilimkuta akiitazama.

Nikaahidi kwamba tutakwenda. Kuahidi hakujawahi kunishinda. Kinachonishinda ni kutulia.

Nilieleze hili mapema, nisije nikaonewa huruma nisiyostahili. Nilipofika Qatar mara ya kwanza nilikuwa askari wa mlangoni katika mnara mmoja West Bay, na kwa miaka miwili nilisimama saa kumi na mbili kwa siku juu ya kigae kilekile. Kiti hakikuruhusiwa. Baadaye nilisomea kompyuta, nikapata kazi ya ofisini, na siku hizi nina kiti chenye magurudumu ambacho wenzangu wanasema nakichosha. Nilinunua gari kabla ya kununua kitanda. Tangu hapo kila siku yangu ya mapumziko nimeitumia kwenda mahali: Al Wakrah, Al Khor, Dukhan, na mara moja hata Salalah kule Oman, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, ili tukae siku moja kwenye manyunyu. Mke wangu alikuja nami kila mara. Alikaa kiti cha mbele na mto wake wa shingo, akanimiminia chai, akanimenyea machungwa. Niliamini anafurahia. Sikuwahi kumuuliza.

Basi nikatafuta meli. Niliyoipata iliondokea Dubai. Nilimwambia hivyo, na ilikuwa kweli. Kutoka Dubai ingekuja Doha siku ya tatu, ishinde hapa, iende Bahrain, ipitie Abu Dhabi, kisha irudi Dubai. Tulicheka sana jikoni. Tungeendesha gari siku nzima, kuvuka Saudia, kwenda kupanda kitu ambacho kingetuleta nyumbani kwetu.

"Tukifika Doha si tushuke tu tuchukue sweta," alisema.

"Na tumwagilie maua," nikasema mimi. Hatuna maua.

Wenye pasipoti zetu hawasafiri kwa kununua tiketi tu. Kuna viza ya kupita Saudia, kuna viza ya Emirates, kuna bima ya gari ya kila nchi, na kuna kuhakikisha kwamba ikama, yaani kibali chetu cha kuishi Qatar, haiishi muda tukiwa majini. Mke wangu alianza kuulizauliza taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine, kama anavyouliza dalili za ugonjwa. Mimi nilijaza fomu yangu ya Emirates kwenye simu, ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya kumi na nane na ya chini. Penye swali la mara ngapi utaingia nikabonyeza moja. Safari ni moja, nikajiambia. Wiki moja baadaye alinitumia ujumbe wa yule Mganda. Ulisema tuchukue viza ya kuingia mara nyingi, kwa sababu meli inatoka nje ya nchi na kurudi. Mke wangu alichukua hiyo. Mimi nilijibu kwa kidole gumba na kuendelea na kazi, kwa maana yangu ilikuwa imeshatoka na nilijivunia kuwa wa kwanza.

Mwezi ule nilikwenda Abu Samra, mpakani mwetu na Saudia, mara tatu. Sikuwa na shida yoyote huko. Nilikuwa napima muda. Nilifika kwenye geti la kwanza, nikageuza gari, nikarudi mjini na kumwambia mke wangu nimetumia saa moja na robo. Mara ya tatu aliuliza kama wale askari hawajaanza kunisalimia.

Siku yenyewe tuliondoka saa kumi alfajiri. Alikuwa amepika chapati na mayai, akajaza chupa mbili za chai. Nguo zetu alizipanga pamoja kwenye sanduku moja kubwa. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye kila siku begi lake liko mlangoni. Aliingia garini, akavaa mto wake, akalala kabla hatujatoka Al Mansoura.

Nilimwamsha Abu Samra kwa sababu ya pasipoti. Hilo lilikuwa la lazima. Baada ya hapo nilimwamsha nimwonyeshe ngamia. Nikamwamsha tena nimwonyeshe bahari upande wa kushoto, ya buluu kiasi kwamba niliona haifai kuiona peke yangu. Nikamwamsha kumuuliza kama amelala vizuri.

"Nililala," akasema.

Upande wa Saudia kulikuwa na foleni tano. Niliingia ya pili, nikaona ya nne inakwenda, nikahamia ya nne, ikasimama. Nikahamia ya kwanza. Lori moja la vitunguu tulilolipita kule nyuma likatupita, dereva wake akanipungia mkono kwa heshima kabisa.

"Mzee," mke wangu akasema bila kufumbua macho, "chagua foleni moja utulie nayo."

"Sasa hii inaenda."

"Ile ya kwanza pia ilikuwa inaenda."

Baada ya mpaka ule barabara hunyooka mpaka mtu anaanza kujisemesha. Mchanga kulia, mchanga kushoto, malori, kituo cha mafuta, malori. Ndiyo barabara ninayoipenda. Mikono yangu inakuwa na kazi, macho yana kazi, na hakuna anayeweza kusema sifanyi kitu. Nilisimama katika kila kituo, nikanunua chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, ilhali tuna chai yetu, nikapima upepo wa magurudumu yasiyo na tatizo. Halafu nikawa na wasiwasi kwamba tumechelewa, nikakimbiza gari ili kufidia. Mke wangu alimenya chungwa, akalila mwenyewe lote. Sikutilia maanani.

Mpaka wa Emirates ulitushika saa moja na nusu. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo tulipovuka tulikuwa tumepoteza saa mbili na nusu kwa mkupuo. Niliegesha gari bandarini Dubai saa tisa na nusu kwa saa zao, na kaunta ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Meli ilionekana juu ya paa la jengo, nyeupe, madirisha safu kwa safu. Mke wangu alisimama kando ya gari akaitazama. Alinyoosha kidole akahesabu ghorofa kutoka chini, akatafuta dirisha letu.

"Lile pale," akasema. "Au lile la pembeni yake. Hata kama ni lile la pembeni, sawa tu."

Nilikuwa sijamwona akiwa na uso ule tangu tulipooana. Nilifurahi, tena nilijipongeza.

Kaunta ilikuwa na kijana wa kike Mfilipino, mpole, aliyezungumza Kiingereza polepole ili tumwelewe. Alichukua pasipoti ya mke wangu, akapitisha, akamrudishia na kadi ya chumba. Akachukua yangu. Akaitazama muda mrefu, akaita mkubwa wake, wakatazama pamoja. Kisha akaeleza. Viza yangu ni ya kuingia mara moja, na mara hiyo nimeitumia leo mpakani. Meli ikitoka hapa kwenda Doha na Bahrain, siwezi kuingia tena Abu Dhabi wala Dubai. Hawawezi kunipandisha. Madam hana shida.

Niliomba. Niliongea mengi, haraka, nikatoa simu, nikatafuta namba za watu. Mkubwa wake alisikiliza yote akatikisa kichwa. Mke wangu hakusema kwamba aliniambia. Alikuwa ameniambia, kwa maandishi, na hakusema. Angesema ningepata cha kujibu.

Halafu yule kijana, kwa nia njema tu, akasoma anwani yetu kwenye kioo chake na kushangaa.

"Lakini nyinyi mnaishi Doha," akasema. "Kwa nini hamkupandia Doha? Mngepandia kule, viza ya mara moja ingetosha."

"Doha inapandisha abiria?" mke wangu akauliza.

"Kila wiki." Akageuza kioo ili aone.

Nilijua. Siku ile niliyonunua tiketi, simu iliniuliza tutapandia wapi, na majina mawili yalikuwa yamepangwa juu na chini, bei ileile: Dubai, Doha. Kutoka kwetu hadi bandari ya Doha ni dakika kumi na tano kwa teksi. Nilibonyeza Dubai kwa sababu nilitaka barabara. Nilimpa zawadi aliyoiomba, nikaizungushia yangu kwa nje, kisha nikamwambia meli inaondokea Dubai, na sikusema la ziada.

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniogopesha zaidi. Alinitazama kama mtu anayesoma karatasi ya mgonjwa na hatimaye ameelewa homa inatoka wapi.

"Sanduku lilete hapa," akasema.

Alilifungua sakafuni, katikati ya ukumbi ule wenye watu na kofia zao za jua, akaanza kutenganisha nguo. Shati langu, gauni lake. Suruali yangu, kanga yake. Alikuwa amezikunja pamoja, moja ndani ya nyingine, na alizikunjua bila haraka. Zangu akazitia kwenye mfuko wa plastiki wa duka la vyakula uliokuwa na chapati zilizobaki. Nilitaka kumwambia asiende. Maneno yalifika mdomoni. Kisha nikaona anavyokunja kwa uchovu, nikayameza.

"Utaendesha polepole," akasema. "Ukisikia usingizi usimame."

Hayo ndiyo anayowaambia wagonjwa wanaporuhusiwa kwenda nyumbani, kwa maneno mengine lakini kwa sauti ileile. Akafunga sanduku, akalivuta, akapita mlango wa vioo. Nilikuwa nimebeba mfuko wa nguo na chapati, na watu walinizunguka kama wanaozunguka nguzo.

Nilirudi. Kuhusu njia ile ninayoipenda, siku hiyo sina cha kueleza. Nilifika Doha nikiwa na shingo ngumu, nikaenda kazini kesho yake, nikafanya kazi ya watu wawili.

Siku ya tatu niliomba ruhusa ofisini. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye bandari ya Doha, upande wenye zile nyumba za rangirangi na mikahawa, na meli ilikuwa imeshatia nanga, imesimama pale karibu kabisa. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nimeosha gari. Tungeanza na chai Al Mansoura, tukatembee Al Wakrah ufukweni, tule samaki, nimrudishe saa tisa, kwa sababu abiria wote walitakiwa wawe ndani saa kumi. Nilimtumia ujumbe kwamba nimefika. Hakujibu. Nilitembea kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake, nikarudi. Watu waliteremka kwa makundi, wakapanda mabasi. Yeye hakuwemo. Niliwaza mambo mabaya, yote kwa zamu.

Saa nne simu ikalia.

"Nimeamka si muda mrefu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, sauti niliyokuwa nimeisahau. "Nililala jana saa mbili usiku. Hakuna mtu ameniita."

"Shuka basi, gari liko hapa. Tukiondoka sasa tunaweza..."

"Nakuona."

Nikainua macho. Madirisha mengi, vibaraza vingi, watu wadogo juu yake.

"Usinitafute," akasema. "Nakuona tu. Umepita hapo kwa hiyo taa mara ngapi? Nimehesabu sita, nikaacha."

"Nilikuwa nakungoja."

"Kuna benchi nyuma yako. Kaa."

Nikakaa. Tukazungumza kidogo kuhusu chumba, kwamba dirisha ni lile la pembeni na ni zuri vilevile.

"Umesimama," akasema. Kweli, nilikuwa nimesimama. Nikakaa tena.

Nikaona nikichelewa sitasema. "Niliiona Doha kwa simu. Ilikuwa hapo chini ya Dubai. Nikabonyeza Dubai."

"Najua. Niliona uso wako pale kaunta."

"Nisamehe."

"Wewe, miaka tisa nalala na mtu amevaa viatu," akasema. "Kila off yangu umenipeleka mahali. Nimeenda. Nimekunywa hiyo karak yako mpaka nimechoka. Nilipenda kuwa na wewe, sikatai. Lakini nilikuomba kitanda, mzee. Kitanda tu. Hata hicho ukakitafutia njia ndefu."

Niliinama nikatazama viatu vyangu.

"Leo sishuki," akasema. "Nikishuka utanipeleka mahali. Wewe enda nyumbani, ama ukae hapo, vile unataka." Akakata.

Niliumia, nami nakiri niliumia vibaya, kwa sababu ya samaki niliyempanga na gari nililoliosha, upuuzi wa namna hiyo. Niliingiza mkono mfukoni nikashika funguo. Kisha nikazirudisha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hapakuwa na mahali pa kwenda ambapo yeye hayupo kiti cha mbele.

Nikabaki kwenye benchi. Saa ya kwanza ilikuwa mateso, sitatia chumvi. Miguu ilikuwa inatikisika yenyewe. Nilisoma bango la mkahawa mpaka nikajua bei zote. Saa ya pili mguu mmoja ukaacha, baadaye na wa pili. Ndipo nikaanza kusikia mwili. Magoti yaliuma. Mgongo, chini, uliuma maumivu ya zamani, si ya ile safari. Macho yalikuwa na mchanga. Kila kiungo kilijitokeza na malalamiko yake, na yote yalikuwa ya miaka mingi. Nilishtuka, kwa maana mimi huwa siumwi.

Saa nane nikampigia.

"Nimechoka," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimechoka. Sijui tangu lini. Nimechoka sana." Na hapo, mchana kweupe, kando ya watalii waliokuwa wakijipiga picha, nililia. Halikuwa jambo kubwa, machozi tu yalitoka na sikuyazuia.

Nilimsikia akipumua. Muuguzi mwenye miaka yote ile wodini anajua kungoja mgonjwa amalize.

"Ngoja hapo," akasema.

Alichukua nusu saa kufika, kwa foleni na ukaguzi. Alikuja na gauni la nyumbani na kanga, nywele hazijachanwa, alama ya mto shavuni. Nilidhani ataketi mbali kidogo. Aliketi karibu, akachukua mkono wangu, akabonyeza kiganja taratibu kwa kidole gumba, bila kuuliza unauma wapi. Sikumwambia gari liko wapi. Tulikaa hivyo, na nafikiri nilisinzia, kwa sababu alipoondoa mkono wake ilikuwa saa tisa na nusu.

"Nakwenda," akasema. "Bado nina siku nne, kisha nirudi kwa ndege."

"Sawa."

"Nikirudi, off yangu ya kwanza, tukae tena hivi."

"Wapi?" nikauliza.

Lilitoka kabla sijalishika. Alisimama akanitazama, kanga begani, muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuogopa. Kisha akacheka, akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye geti. Hakugeuka. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi na moja, na mimi nilikaa palepale mpaka ikaondoka.